Kuanzisha kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa kijijini: kutoka kikao cha kwanza hadi mgao, kazi za pamoja na mkopo wa halmashauri

Wanawake wanaotaka kuanzisha kikundi kijijini huuliza maswali yanayofanana: tuwe wangapi, hisa (kipimo cha akiba ambacho mwanachama hununua katika kikao) iwe shilingi ngapi, fedha zitunzwe wapi, mkopo wa halmashauri unapatikanaje, na mwenzetu akishindwa kurejesha tumfanyeje. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umezingatia mazingira na sheria za Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya ataona kwamba taratibu za ndani za chama, kama kikundi cha namna hii kinavyoitwa huko, hazitofautiani sana na hizi, ingawa usajili wake unaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022.

Jambo moja nitalirudia katika hatua nyingi kwa sababu ndilo linalotenganisha vikundi vinavyodumu na vinavyovunjika kabla ya mwaka kwisha: kikundi kianze na fedha za wanachama wenyewe, hata zikiwa kidogo sana, na kila shilingi ihesabiwe mbele ya macho ya wote. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya kusubiri mkopo au mfadhili huwa hakina la kufanya mpaka fedha hizo zifike, na zikifika hakuna aliyewahi kujifunza kuzisimamia.

Utaratibu unaoelezwa hapa umejaribiwa kwa muda mrefu. Shirika la CARE lilianza kuutumia na wanawake wa eneo la Maradi nchini Niger mwaka 1991, ukafika Zanzibar, katika vijiji vya eneo la Jozani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo vikundi vya hisa na VICOBA (benki za jamii vijijini) vimeenea katika mikoa yote. Wanawake wetu walikuwa na upatu zamani kabla ya hapo. Tofauti ni kwamba katika upatu fedha hupokewa kwa zamu na kuisha siku hiyo hiyo, wakati katika kikundi cha hisa fedha hubaki pamoja, hukopeshwa, huongezeka, kisha hugawanywa kulingana na kile alichoweka kila mmoja.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

Msikimbilie kununua vitu. Katika vikao viwili vya kwanza mnahitaji daftari na kalamu tu. Mkishakubaliana kuendelea, tafuteni vitu vifuatavyo:

- Sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kufuli, pamoja na kufuli tatu tofauti. Fundi wa kuchomelea wa sokoni hulitengeneza kwa nusu siku.
- Kitabu kidogo cha kila mwanachama, pamoja na muhuri wa kugonga hisa. Muhuri ni bora kuliko tarakimu kwa sababu asiyejua kusoma huweza kuhesabu mihuri yake mwenyewe.
- Daftari moja kubwa la mikopo na moja la mihtasari ya vikao.
- Bakuli mbili za rangi tofauti, moja ya hisa na nyingine ya mfuko wa jamii, yaani mfuko wa kusaidiana wakati wa shida.
- Kikokotoo.
- Namba za vitambulisho vya Taifa za wanachama, kwa ajili ya usajili na akaunti ya benki.

Gharama hizi zigawanywe sawa kwa wanachama wote. Mtu mmoja akiwanunulia sanduku, hata kwa moyo mwema, baada ya miezi michache litaanza kuitwa sanduku lake.

Hatua ya 1: Kusanyeni watu mnaojuana

Kanuni za mwaka 2019 chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha zinaruhusu kikundi kuwa na wanachama kuanzia 10 hadi 50. Kwa kikundi kipya cha kijijini ninashauri 15 hadi 25. Mkiwa chini ya hapo fedha za kukopeshana zitakuwa haba. Mkizidi, kikao kitakuwa kirefu mno, na mama aliyeacha mtoto na mifugo nyumbani hatavumilia kukaa saa tatu kila juma.

Wanachama watoke katika kitongoji kimoja au vitongoji vinavyopakana, wawe wanafahamiana tabia, na uwezo wao wa kuweka akiba usipishane sana. Mkimwingiza mfanyabiashara mkubwa kati ya wakulima wadogo, ataweza kununua hisa nyingi kila juma na kukopa mkopo mkubwa kuliko wa wote, na siku atakapochelewa kurejesha kikundi kizima kitasimama. Watu wa kaya moja wasizidi wawili.

Waume na wazazi waelezwe mapema. Hatuwaombi ruhusa ya mwanamke kuwa na akiba yake, ila jambo lililofichwa huzua shaka, na shaka hiyo humrudia mwanachama akiwa peke yake nyumbani. Mwalikeni mwenyekiti wa kitongoji katika kikao kimoja cha mwanzo, mweleze wazi mnachofanya, kisha kikao kinachofuata kiwe chenu wenyewe.

Hatua ya 2: Soma kalenda ya kijiji kabla ya kupanga mzunguko

Mzunguko ni kipindi cha kuweka na kukopa, kuanzia kikao cha kwanza hadi mgao. Vikundi vingi vipya hukosea hapa. Huanza siku yoyote waliyopata shauku, huhesabu miezi 12, na hujikuta wakigawana fedha wakati wa mavuno, ghala likiwa limejaa na hakuna mwenye shida kubwa. Miezi minne baadaye, mbegu zinapohitajika na ada za shule zinapodaiwa, kikundi kipya ndiyo kwanza kinaanza na sanduku ni tupu.

Chukueni daftari, andikeni miezi yote ya mwaka, na katika kila mwezi jazeni mambo mawili: fedha zinaingia kutoka wapi, na zinahitajika kwa nini. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Iringa na Ruvuma, mvua huanza Novemba au Desemba, mavuno huwa kati ya Mei na Julai, na kipindi kigumu zaidi ni Januari hadi Machi, wakati chakula kimepungua, palizi imepamba moto na shule zimefunguliwa. Mahali kama hapo mgao unafaa kufanyika Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ili fedha ziwahi mbegu, vibarua na sare za shule. Mikoa ya misimu miwili, yenye masika na vuli, kama Kilimanjaro na Tanga, itapanga kwa namna yake, na wanawake wanaouza maziwa au samaki wana kipato cha kila juma ambacho wakulima wa alizeti hawana.

Kalenda hiyo hiyo iwaongoze kupanga kiasi cha hisa. Thamani ya hisa moja iwe ile ambayo mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote anaweza kuinunua katika mwezi mgumu kuliko yote. Mwenye uwezo zaidi atanunua hisa nyingi zaidi, hadi tano kwa kikao. Mkipanga hisa ya shilingi 5,000 kwa sababu kikundi cha mjini kinafanya hivyo, ifikapo Februari wanachama wenu watakopa kwingine ili wanunue hisa kwenu, na huko kwingine mara nyingi ni kwa wakopeshaji wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno.

Hatua ya 3: Andikeni katiba yenu wenyewe

Msinakili katiba ya kikundi kingine. Chukueni vikao viwili au vitatu, mjadili kila kifungu kwa sauti, na kifungu kisichoeleweka kwa mwanachama asiyejua kusoma kiandikwe upya. Katiba iseme wazi:

- Jina la kikundi, madhumuni yake, na siku na saa ya kikao.
- Thamani ya hisa na idadi ya juu ya hisa kwa kikao.
- Mchango wa mfuko wa jamii na matukio yanayosaidiwa: msiba, ugonjwa, uzazi, nyumba kuungua.
- Kiwango cha juu cha mkopo, muda wa kurejesha na ada ya mkopo.
- Faini za kuchelewa, kukosa kikao bila taarifa na kusahau kitabu.
- Namna ya kujiunga, kujitoa na kufukuzwa.
- Jina la mrithi wa kila mwanachama. Kifungu hiki husahaulika mara nyingi, na nitakirudia mwishoni.

Kifungu cha ada ya mkopo kinahitaji mazungumzo ya kina. Vikundi vingi hutoza kati ya asilimia 5 na 10 kwa mwezi, na fedha hizo huwarudia wanachama wenyewe wakati wa mgao. Mimi nashauri isizidi 5, kwa sababu shughuli nyingi za shamba hazizalishi faida ya kubeba zaidi ya hapo. Pale ambapo imani ya wanachama hairuhusu riba, kikundi kinaweza kuendesha mikopo isiyo na ongezeko lolote na kuongeza mfuko kwa biashara ya pamoja, kwa mfano kununua mchele au mafuta kwa jumla na kuwauzia wanachama na majirani. Hilo liamuliwe kabla ya mkopo wa kwanza kutolewa, kwa sababu likiibuka katikati ya mzunguko litawagawa watu.

Tahadhari kuhusu faini: ziwe ndogo na zitozwe kwa kila mtu, akiwemo mwenyekiti. Faini kubwa humfanya aliyechelewa asije kabisa.

Hatua ya 4: Chagueni viongozi na watunza funguo

Kikundi kinahitaji viongozi watano: mwenyekiti, mtunza kumbukumbu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Mtunza kumbukumbu lazima awe anaandika vizuri na kujumlisha bila kubabaika. Nafasi nyingine nne hazihitaji elimu ya darasani, zinahitaji uaminifu na utulivu.

Kura ziwe za siri. Njia rahisi ni kuweka vyungu au ndoo za rangi tofauti nyuma ya pazia, kila ndoo ikiwa ya mgombea mmoja, na kila mwanachama kupewa kokoto moja ya kutumbukiza. Mkichagua kwa kunyoosha mikono, atachaguliwa mke wa mtu mkubwa au yule ambaye wengi wana deni lake.

Funguo tatu za sanduku zikabidhiwe kwa wanachama watatu ambao si viongozi, wanaoishi mbali mbali, na wasio ndugu wa mtunza sanduku. Kwa namna hiyo anayekaa na sanduku hawezi kulifungua, na wenye funguo hawana sanduku.

Hatua ya 5: Sajilini kikundi

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, na Benki Kuu imekasimu usajili wake kwa halmashauri. Hivyo usajili si hiari. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, ambaye atawapa barua ya utambulisho, kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na katiba iliyosainiwa, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi na orodha ya wanachama na viongozi. Afisa huyo ndiye atakayewaongoza kuingiza taarifa katika mfumo wa usajili wa kielektroniki.

Msimpe mtu fedha ya kuwashughulikia. Viongozi wawili waende pamoja, wadai stakabadhi ya kila malipo, na wasome taarifa zote mbele ya kikundi wanaporudi.

Hatua ya 6: Endesheni kikao kwa mpangilio ule ule kila juma

Kikao kizuri huchosha kidogo kwa sababu hakibadiliki. Mpangilio usiobadilika ni kinga, hasa kwa wanachama wasiosoma, kwa kuwa hatua ikirukwa kila mtu anaiona. Fuateni utaratibu huu:

1. Mwenyekiti anafungua kikao na mtunza kumbukumbu anaita majina.
2. Kabla sanduku halijafunguliwa, mwanachama yeyote anayeteuliwa papo hapo anataja kiasi kilichobaki kikao kilichopita, cha hisa na cha mfuko wa jamii. Kwa kuwa hakuna anayejua nani ataitwa, wote hulazimika kukumbuka.
3. Wenye funguo wanafungua, wahesabu fedha wanahesabu kwa sauti, na kiasi kinalinganishwa na kilichotajwa.
4. Kila mwanachama, kwa namba yake, anatoa mchango wa mfuko wa jamii katika bakuli lake.
5. Kila mwanachama ananunua hisa, zinahesabiwa, na mihuri inagongwa katika kitabu chake akiwa anaona.
6. Marejesho ya mikopo yanapokewa na kuandikwa.
7. Maombi ya mikopo yanasikilizwa, yanajadiliwa na kutolewa.
8. Fedha zilizobaki zinahesabiwa, zinatangazwa, wote wanarudia kwa sauti, na sanduku linafungwa.

Vitabu vyote vya wanachama vibaki ndani ya sanduku. Mwanachama akiondoka na kitabu, kinaweza kuongezwa muhuri, kupotea, au kutafunwa na panya.

Kosa la kawaida ni kupokea fedha nje ya kikao. Mwanachama anakutana na mtunza sanduku njiani, anampa shilingi elfu kumi za marejesho, na wiki inayofuata wanakumbuka tofauti. Katiba iseme kwamba fedha iliyotolewa nje ya kikao haijatolewa. Asiyeweza kufika amtume mwenzake, naye aitoe mbele ya wote. Kijiji chenye mtandao wa uhakika kinaweza kutumia akaunti ya kikundi ya simu, ambayo huwatumia wanachama ujumbe kila fedha inapoingia au kutoka, lakini hata hapo kikao kisifutwe.

Hatua ya 7: Anzeni kukopeshana polepole

Subirini vikao 8 hadi 12 kabla ya mkopo wa kwanza, ili watu wazoee utaratibu na mfuko ukue. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na kwa kawaida urejeshwe ndani ya miezi mitatu.

Chukua mfano wa mwanachama mwenye hisa 35, kila hisa ikiwa shilingi 2,000. Akiba yake ni 70,000, hivyo anaweza kukopa hadi 210,000. Akikopa 200,000 kwa ada ya asilimia 5 kwa mwezi, atalipa ada ya 10,000 kila mwezi, na baada ya miezi mitatu atakuwa amerejesha 230,000. Hesabu hii ifanywe mbele yake na mbele ya wote kabla hajapokea fedha, kisha aulizwe swali moja la lazima: fedha ya kurejesha itatoka wapi, na lini? Anayejibu kwamba atauza alizeti mwezi wa Juni asipewe mkopo unaoisha Aprili. Mpangieni muda unaolingana na zao lake, au apunguze mkopo.

Fedha zisipotosha maombi yote, msimpe aliyetangulia kuomba. Pimeni uzito wa shida, na mara nyingi wanachama wakizungumza kwa uwazi wenyewe hupunguza kiasi ili kila mmoja apate.

Hatua ya 8: Mgao wa mwisho wa mzunguko

Acheni kutoa mikopo mipya miezi miwili kabla ya mgao, ili madeni yote yaingie. Kipindi hiki ndicho cha hatari kubwa ya wizi, kwa sababu fedha zilizokuwa mikononi mwa wanachama mwaka mzima sasa zinarundikana mahali pamoja. Pelekeni fedha benki au kwenye akaunti ya kikundi, na siku ya mgao isitangazwe nje ya kikundi.

Hesabu ni hii. Kusanyeni fedha zote za hisa, ada na faini, bila kuchanganya mfuko wa jamii. Hesabuni hisa zote zilizonunuliwa. Gawanyeni kiasi cha kwanza kwa cha pili. Tuseme kikundi cha wanawake 20 kina hisa 3,000 za shilingi 2,000, yaani akiba ya 6,000,000, na fedha zilizopo ni 7,350,000. Kila hisa sasa ni 2,450. Mwanachama mwenye hisa 150, ambaye aliweka 300,000, atapokea 367,500. Mwenye deni akatwe deni lake kwanza.

Baada ya mgao, kila anayetaka kuendelea arudishe hisa chache za kuanzia mzunguko mpya. Anayetaka kuondoka aondoke kwa heshima wakati huu, na huu ndio wakati wa kumpokea mgeni na kuchagua viongozi upya.

Hatua ya 9: Tumieni umoja wenu kwa yale ambayo mtu mmoja hawezi

Akiba na mikopo huimarisha kaya moja moja. Kijiji huanza kubadilika pale wanawake hao hao wanapofanya pamoja jambo ambalo mmoja hawezi kulimudu, na yako matatu ninayoyapendekeza kwa sababu hayahitaji mtaji mkubwa.

La kwanza ni chanjo ya kuku. Ugonjwa wa kideri, unaoitwa pia mdondo, humaliza kuku wa kijiji kizima ndani ya siku chache. Chanjo yake ya matone ya jichoni ni ya bei nafuu na hutolewa kila baada ya miezi mitatu, lakini kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko alionao mama mmoja, na kikishafunguliwa hakihifadhiwi kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja hachanji. Kikundi kinaweza kumwomba afisa mifugo awafundishe wanachama wawili, kikapanga siku moja ya kuchanja kila robo mwaka, na kikatoza majirani kiasi kidogo kwa kila kuku.

La pili ni kuhifadhi mazao. Mahindi huuzwa kwa bei ya chini wakati wa mavuno kwa sababu kila mtu anauza, na hupanda bei miezi ya Januari hadi Machi. Mifuko isiyopitisha hewa hulinda nafaka dhidi ya dumuzi bila dawa, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri na mfuko ufungwe barabara. Kikundi kinaweza kununua mifuko kwa jumla, kuhifadhi pamoja na kuuza pamoja, na mnunuzi anayekuja na lori huheshimu bei ya gunia hamsini kuliko ya gunia mbili.

La tatu ni ardhi, nalo linahitaji subira. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inaruhusu kikundi cha wanakijiji kuomba ardhi ya kijiji kwa jina lake. Ombi hupelekwa halmashauri ya kijiji, na ugawaji huhitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Andikeni ombi, hakikisheni limewekwa katika ajenda, na siku ya mkutano nendeni wote. Wanawake ishirini waliokaa pamoja na kusema jambo moja hawapuuzwi kirahisi. Mkipewa eneo, fuatilieni hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kikundi, kamwe isiwe kwa jina la mwenyekiti.

Mkishazoea kusimama katika mkutano wa ardhi, msiishie hapo. Ulizeni kisima kimeharibika tangu lini na makusanyo yake yako wapi. Ulizeni taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Teueni mwenzenu agombee nafasi katika baraza la ardhi la kijiji, ambalo sheria inataka watatu kati ya wajumbe wake saba wawe wanawake. Mtunza kumbukumbu aliyeandika hesabu za kikundi kwa miaka miwili anaweza kusoma taarifa ya fedha ya kijiji na kuona pengo lake.

Hatua ya 10: Mkopo wa halmashauri, mkishakuwa tayari

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kueleza mara kadhaa madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Masharti yanaweza kubadilika, hivyo yaulizeni upya kwa afisa maendeleo ya jamii kabla ya kuandaa maombi.

Ushauri wangu ni kukamilisha angalau mzunguko mmoja wa akiba zenu kwanza. Ombeni kwa ajili ya shughuli ambayo tayari mnaifanya kwa kiwango kidogo, kama kukamua alizeti au kufuga kuku, na kiasi mnachoomba kitokane na hesabu za daftari lenu. Mtu akiwaambia kwamba anaweza kuwapitishia maombi kwa malipo, mkataeni na mtoe taarifa. Na fedha zikiingia, msigawane. Mkopo wa kikundi uliogawanywa sawa kwa kila mtu huwa mikopo midogo ishirini isiyo na mradi, na deni hubaki la wote.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Mwanachama amechelewa kurejesha.* Mtembeleeni watu wawili, siyo kundi zima, na siyo kwa kelele. Kama amepata msiba au mazao yamekauka, mwongezeeni muda na muandike. Kama anacho na hataki, tumieni akiba yake kufidia deni kama katiba inavyosema. Msichukue vyombo vya ndani, mbuzi wala godoro lake. Kikundi kinachomnyang'anya mwanamke sufuria zake kimeacha kazi iliyokifanya kiwepo.

*Hesabu hazilingani.* Simamisheni kikao hapo hapo, msiendelee kununua hisa. Rudieni kuhesabu fedha, kisha linganisheni mihuri katika vitabu na daftari la kikao kilichopita. Mara nyingi kosa ni marejesho ambayo hayakuandikwa. Lisipopatikana, andikeni upungufu katika muhtasari na mwite afisa maendeleo ya jamii. Msichangishane kimya kimya kuuziba.

*Mahudhurio yamepungua wakati wa kilimo.* Hamishieni kikao saa za jioni au kifanyike kila baada ya majuma mawili kwa miezi hiyo, kwa uamuzi wa wote. Hili lingeweza kuwekwa katika katiba tangu mwanzo.

*Viongozi hawataki kuachia nafasi.* Katiba iweke ukomo wa mizunguko miwili. Mtunza kumbukumbu awe na msaidizi anayejifunza kuanzia mwaka wa kwanza, ili kisingizio cha kwamba hakuna mwingine anayejua kuandika kisiwepo.

*Fedha za mgao zinachukuliwa na mume au ndugu nyumbani.* Wanachama wengi hukubaliana mapema kununua kitu siku ile ile ya mgao na kukipeleka nyumbani kikiwa kitu: mabati, mbegu, mbuzi, malipo ya ada yaliyofanywa moja kwa moja shuleni. Vikundi vya wanawake wa Kenya ya kati vilifanya hivyo kwa mabati katika miaka ya 1960 na 1970, na nyumba nyingi za nyasi ziliezekwa upya. Panapokuwa na kipigo au vitisho, suala hilo limetoka katika mambo ya kikundi; msindikizeni mwenzenu hadi kwenye dawati la jinsia la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii.

*Mwanachama amefariki.* Mfuko wa jamii utoe msaada wa msiba siku hiyo hiyo. Baada ya mazishi, katika kikao cha kawaida, kitabu chake kifunguliwe, hisa zihesabiwe, deni kama lipo liondolewe, na kinachobaki akabidhiwe mrithi aliyetajwa na marehemu mwenyewe, mbele ya wanachama wote na mwenyekiti wa kitongoji, kwa sahihi au alama ya dole gumba. Ndugu wengine wakidai, waonyesheni jina lililoandikwa. Kwa sababu hiyo, kila mzunguko mpya unapoanza, mtunza kumbukumbu amuulize kila mwanachama upya, mmoja mmoja, kama jina la mrithi wake bado ni lile lile.